Ratiba kwa Penseli

Saa kumi na dakika arobaini alfajiri, mjini Hull,
giza limegoma kuondoka madirishani,
nami nagawa watu kumi na mmoja
katika nafasi kumi na nne.

Hesabu hii sikufundishwa chuo cha uuguzi.
Natumia penseli. Wino ni wa wenye wauguzi wa kutosha,
na hao bado sijakutana nao.

Marivic anaomba Jumapili, mwanawe anabatizwa.
Shirley, mgongo.
Jisha hajaomba kitu, na hilo ndilo linalonitisha.

Wiki iliyopita walitupeleka semina, sisi wakuu wa wodi,
kwenye ukumbi wenye zulia jipya na biskuti.
Mada: ustahimilivu.
Kijana mwenye viatu visivyowahi kukanyaga damu
alitugawia kila mmoja kimpira cha sponji,
cha manjano, chenye uso unaocheka.
"Ukizidiwa, minya. Tazama kinavyorudi."
Nikaminya. Kikarudi.
Nikatazama saa. Wodini walibaki wawili
kwa wagonjwa ishirini na wanane.

Subira, niliambiwa utotoni, yavuta heri.
Sikuambiwa inavuta kwa kamba ya nani.

Mama yangu, kule Korogwe, alikuwa na mpira wake,
utepe aliokata kwenye tyubu kuukuu,
wa kufungia gunia la mkaa kwenye keria ya baiskeli.
Ulivutika, ukarudi. Ukavutika, ukarudi.
Lakini kila uliporudi, ulirudi mrefu kidogo,
mpaka akawa anauzungusha mara tatu
mahali ambapo zamani mbili zilitosha.
Hakuulaumu mpira.
Hakuuambia ujifunze kupumua.
Alipunguza mkaa.

Saa nane nilimkuta Jisha chumba cha mashuka,
ameketi juu ya mfuko wa nguo chafu,
akilia bila sauti,
kilio cha mtu aliyezoea kuwa jirani na waliolala.
Nilitaka kumwambia pole.
Kiingereza hakina pole. Kina samahani,
na samahani humtafuta mwenye kosa.
Labda ni mimi. Ratiba ina sahihi yangu.
Nikaketi kando yake. Mfuko ukashusha pumzi
kwa niaba yetu sote wawili.
Dakika nne. Kisha kengele, kitanda cha tisa.

Kitanda cha tisa ni Bwana Garforth,
aliyetumia miaka arobaini kiwandani
akiunda nyumba za magurudumu za watu kwenda likizo.
Hakutaka dawa. Hakutaka choo.
"Naona taa ya ofisi yako haizimwi," alisema.
"Umekunywa chai, binti?"
Binti ana miaka hamsini na mbili
na shinikizo la damu asilolitaja kazini.
Nikasema ndiyo.
Akanitazama kama ninavyomtazama yeye
anapoapa kuwa vidonge amevimeza.

Sasa chai iko mezani, imefanya utando.
Kuna barua pepe kutoka ghorofa ya juu:
mbona siku za ugonjwa za wafanyakazi zimepanda,
na je, nimewakumbusha kuhusu semina?

Nimeandika: Tunaomba wauguzi watatu.
Nimefuta "tunaomba".
Nimeandika tena: Bila wauguzi watatu,
kuanzia Jumatatu vitanda vinne vitabaki bila shuka,
na sababu nitamweleza yeyote atakayeuliza,
hata gazeti.
Hilo la gazeti nimelifuta. Nimelirudisha. Nimelifuta.
Nimetuma.

Mikono ilitetemeka, sitasema haikutetemeka.
Nikapekua droo nikitafuta kalamu ya wino,
nikakuta kimpira kinacheka gizani peke yake,
kalamu iko chini yake.

Alhamisi na Ijumaa, mbele ya jina la Jisha:
mapumziko. Wino umenichafua kidole.
Jina langu nimeliacha kwa penseli, bado.

Chai nimeinywa hivyo hivyo, baridi,
pamoja na utando wake,
na simu nimeiacha iite mara tatu
kabla ya kuweka kikombe chini.